Faraja Isiyotafuta Mkosaji

Katika misiba ya Nyanda za Juu Kusini kuna kauli mbili zinazosikika kabla jeneza halijatoka nyumbani. Ya kwanza husemwa hadharani, aghalabu na mtu wa kanisa: kazi ya Mungu haina makosa. Ya pili husemwa kando, huko nyuma karibu na mafiga, kwa sauti ya chini: hapa kuna mkono wa mtu. Wanaosema ya kwanza huwaona wenzao kuwa washirikina, na wanaosema ya pili huwaona wa kwanza kuwa wanajipoza tu. Kwa maoni yangu kauli zote mbili zinafanya kazi moja. Zote zinajibu swali la nani aliyeleta msiba huu, na zote zinalijibu haraka mno, kabla mfiwa hajamaliza kulia. Ninachotaka kutetea hapa ni kwamba imani ya Kikristo, pale ilipowafariji kweli watu wa Njombe na Makambako, ilifanya hivyo kwa kukataa kulijibu swali hilo. Ilimwondolea mfiwa mzigo wa kumsaka mkosaji, kisha ikampa watu wa kukaa naye na kazi ya kufanya. Na kila ilipojitia kujibu, iliumiza.

Mahali pa kuipimia hoja hii ni UKIMWI, maana hakuna msiba mwingine uliokaa Njombe muda mrefu kiasi hicho ndani ya kumbukumbu ya walio hai. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2011-12 ulikuta eneo hili tayari liko juu kuliko mikoa yote: asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na VVU. Utafiti wa 2022-23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Huu ni mkoa wenye mvua, chai, mbao, viazi na maparachichi, mkoa unaolisha miji ya wengine. Tena ni mkoa uliojaa makanisa. Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ina makao yake Njombe mjini, Jimbo Katoliki la Njombe lipo tangu 1968, Waanglikana wana dayosisi yao hapo hapo, masista Wabenediktini wana nyumba mama yao Imiliwaha, na vikundi vya Kipentekoste havihesabiki. Mwenye shaka ana haki ya kuuliza: imani iliyokaa hapa zaidi ya miaka mia moja imezuia nini?

Sababu za jambo hili zinajulikana vya kutosha. Wanaume wengi wa makabila ya huku kwa desturi hawakuwa wakitahiriwa, ndiyo maana kampeni za tohara ya kitabibu zilizoanza karibu na mwaka 2010 ziliwalenga. Kabla ya hapo kulikuwa na vizazi vya wanaume walioondoka: Wabena na Wakinga walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, Wakinga wakawa pia wafanyabiashara wa safari ndefu, na ndoa nyingi zikaishi mbalimbali. Halafu kuna Makambako. Hapo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia inaachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970, ina stesheni yake. Madereva wa malori hulala, wanunuzi wa mahindi na mbao hulala, na nyumba za wageni hazikosi watu. Mtaalamu wa afya akikueleza haya amekueleza namna virusi vinavyosafiri. Mama wa Wanging'ombe aliyezika wanawe watatu huku wa jirani wote wapo bado hajaelezwa lolote. Kujua jambo lilivyotokea hakumalizi swali la kwa nini limenitokea mimi, na dini huingia kupitia upenyo huo, kwa heri au kwa shari.

Biblia inalishughulikia swali hilo kwa namna ambayo wahubiri wengi huipita mbio. Rafiki watatu wa Ayubu walikuja wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hadi hapo walikuwa sawa. Waliharibu walipofungua midomo na kuanza kueleza: mtu hapatwi bure, lazima ipo dhambi mahali. Kitabu kinaisha kwa Mungu kuwakasirikia wao waliojidai kumtetea na kumkubali Ayubu aliyemlalamikia. Na liko jambo katika sura ya mwisho lisilotajwa sana: hali ya Ayubu inageuka pale anapowaombea rafiki hao hao. Hajapewa jibu hata moja kuhusu chanzo cha mateso yake, ila amepewa watu wa kuwaombea. Katika Luka sura ya 13 Yesu anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, na anakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kutaka kujua dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi wake. Yesu anaikataa hesabu yote, anatengeneza tope, anaanza kumhudumia yule mtu. Wako watakaosema kwamba hapo alitoa sababu, yaani kazi za Mungu zidhihirike. Ni kweli, lakini sababu hiyo inatazama mbele, kwa kile kitakachofanyika sasa; nyuma kwa mkosaji haiendi kabisa. Nikizisoma sehemu hizi tatu kwa pamoja, naona imani inayowanyang'anya watu maelezo waliyokuja nayo.

Kwa hiyo inatupasa kukiri kwamba miaka ya mwanzo ya UKIMWI makanisa mengi yalishika njia ya rafiki za Ayubu. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983 huko Kagera, na kwa miaka mingi mimbarini ugonjwa uliitwa adhabu ya uasherati. Aliyesikia hivyo Jumapili hakuona sababu ya kwenda kupima Jumatatu. Mke aliyeambukizwa na mume wake wa ndoa, mwanamume pekee aliyemjua, alizikwa akinong'onwa kama malaya. Familia zikatafuta jina lingine lolote la ugonjwa: kifua kikuu, malaria, na mara nyingi kurogwa. Hili la mwisho linastahili kutazamwa vizuri. Kurogwa kulikuwa na heshima kuliko kuwa na ngoma, kama watu walivyouita ugonjwa huo mitaani, kwa sababu aliyerogwa anaonewa huruma na mwenye ngoma anahukumiwa. Mahubiri ya adhabu, yaliyodhani yanapigana na dhambi, yaliwasukuma watu kwa mganga. Ni hukumu nzito kuitoa juu ya wachungaji na mapadri waliokuwa na nia njema, lakini naiona ni ya haki.

Sambamba na mahubiri hayo kulikuwa na kazi nyingine iliyokuwa kimya zaidi. Hospitali ya Ikonda ya Wamisionari Wakonsolata, hospitali za KKKT za Bulongwa na Ilembula, pamoja na zahanati za masista, zilipokea watu ambao nyumbani kwao walitengewa sahani na kikombe. Kabla serikali haijaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004, mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa kijijini Makete hakuwa na cha kumponya. Alikuwa na sabuni, unga wa uji na muda. Alifua mashuka, akamgeuza mgonjwa ili vidonda vya mgongo visizidi, akamkatia kuni bibi aliyebaki na wajukuu, akasali, akaondoka, akarudi tena wiki iliyofuata. Katika kazi hiyo hakuna mahali pa kuuliza nani alileta ugonjwa. Anayemgeuza mgonjwa kitandani ana maswali mengine: amekula, ameoga, watoto wamekwenda shule?

Namna kanisa linavyompa mtu kazi inaonekana vizuri zaidi katika mambo madogo ya usharika. Ibada ya Kilutheri ikiisha, watu hutoka nje na mnada huanza. Kuna jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, ndoo ya viazi, mayai katika kisahani, fungu la mboga za majani. Mzee wa kanisa anataja bei, mmoja anapandisha, mwingine anapandisha tena, na aliyeshinda mara nyingi hulipa kisha akakirudisha kitu kinadiwe upya, hata jogoo mmoja akauzwa mara tatu. Fedha inaingia katika mfuko wa usharika. Mwenye mayai yale manne anaweza kuwa mjane anayemeza dawa kila siku, ambaye asubuhi hiyo hakuwa na hata sarafu ya kutia kapuni. Mnada umemfanya mtoaji mbele ya macho ya watu wote. Kwa mtu aliyekaa miaka akipokea huruma tu, kutoa mbele ya watu ni dawa ambayo sioni pengine pa kuipata kwa urahisi hivyo. Wakatoliki wana njia yao: maaskofu wa AMECEA, yaani wa Afrika Mashariki, waliamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa maisha ya parokia, na leo kaya chache za jirani hukutana nyumba kwa nyumba, zikijuana kwa majina, zikijua nani hajaonekana wiki hii.

Hapa ndipo naona faraja na kusudi haviachani. Paulo, anapofungua waraka wake wa pili kwa Wakorintho, anasema Mungu hutufariji ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki. Watu huusikia mwanzo wa wazo hilo wakasahau mwisho wake, ingawa mwisho ndio unaoeleza mwanzo. Faraja inayoishia kwangu huchoka upesi. Baada ya arobaini wageni wanakwisha, nyimbo zinakwisha, na nyumba inabaki na mtu mmoja na fikra zake. Inayodumu ni ile iliyompa huyo mtu sababu ya kuamka. Katika Njombe wengi wa waliowafuata watoro wa dawa nyumbani, waliokaa mlangoni mwa kliniki wakimtia moyo aliyepimwa leo, waliosimama katika konga za wilaya, yaani mabaraza ya wenye VVU, wakasema hali zao hadharani, ni watu wanaoishi na virusi wenyewe. Hawakungoja kwanza waelewe kwa nini wao. Wengine hawataelewa kamwe, na wanaishi vizuri.

Mwanzoni mwa 2019 mkoa huu ulionyesha kule inakoweza kufikia kiu ya kumsaka mtu nyuma ya kila jambo. Takriban watoto kumi waliuawa katika muda mfupi, miili mingine ikakutwa imeondolewa viungo. Viongozi wa serikali waliyahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina za kutafuta utajiri, na polisi waliwakamata makumi ya waganga. Wauaji wa namna hiyo hawakuwa wafiwa wanaotafuta jibu, nami sitaki kuwaweka kapu moja na mama anayelia. Ila mantiki ni ya ukoo mmoja. Akiamini mtu kwamba kifo cha ng'ombe wake kina mwenyewe, hayuko mbali na kuamini kwamba faida ya duka la jirani nayo ina siri, na kwamba siri hiyo inapatikana katika mwili wa mtu mwingine. Mahubiri yanayokemea wachawi kwa kutaja tabia na mitaa yao, ambayo siku hizi yanajaza mabanda ya maombi, hayavunji mantiki hiyo. Yanaipa kipaza sauti. Mchungaji anayemwambia muumini kwamba shangazi yake ndiye aliyefunga kizazi chake ametoa jibu lile lile la mganga, na shangazi huyo hatalala salama. Kulikataa swali lenyewe kunalinda maisha ya watu.

Pingamizi kubwa linatoka upande wa pili, na nalichukua kwa uzito. Karl Marx aliifananisha dini na kasumba, na wanaomfuata wanaweza kusema kwamba kumzoesha maskini asiulize kwa nini ndiko hasa kumlevya. Kama mama wa Wanging'ombe hataki kujua nani aliyeleta msiba, atamdai nani dawa zisizopatikana zahanati? Ningekubaliana nao kama maswali haya mawili yangekuwa moja. Lakini nani aliyenifanyia hivi ni swali la hofu, na mwisho wake ni jirani kupoteza usingizi au uhai. Kwa nini kipimo hakipatikani kijijini kwetu ni swali la raia, nalo lina wa kuulizwa, lina bajeti, lina mkutano wa hadhara. Aliyeachana na la kwanza hupata nafasi ya kuuliza la pili. Manabii wa Biblia hawakuacha kuwauliza wafalme juu ya mjane na yatima. Hospitali za misheni zenyewe ni ushahidi: walioziendesha waliuliza chanzo cha kila homa kwa darubini na maabara. Na lile swali la mwenye shaka nililoliacha juu, kwamba imani imezuia nini, linajibiwa kwa sehemu hapa hapa. Asilimia 12.7 ni pamoja na maelfu ambao bila dawa, na bila mtu wa kuwakumbusha dawa, wangekuwa makaburini na wasingehesabiwa. Sehemu nyingine ya idadi hiyo ni maambukizi mapya, na kwa hayo makanisa bado yanadaiwa, hasa kwa jinsi yanavyoona haya kuzungumza na vijana wao waziwazi.

Pingamizi lingine ni la wale wanaotaka imani itoe zaidi ya hayo. Wanasema Mungu asiyeponya papo hapo anafaa nini. Nchi yetu imelijaribu wazo hilo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, na wako waliokwenda wakiwa wameacha dawa za virusi, na kuacha dozi hizo kunaua. Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana katika kusanyiko la maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Waliokwenda huko walikuwa wagonjwa na walezi wa wagonjwa waliochoka, wala hawastahili dharau ya mtu. Nalaumu faraja inayowaahidi kwamba uchungu utakwisha leo, kwa sababu usipokwisha mgonjwa ndiye anayeambiwa hana imani. Anarudi pale alipokuwa Ayubu mbele ya rafiki zake, safari hii akiwa amelipa nauli.

Wako pia wanaosema imani hii ni mali ya wageni, ililetwa na Wajerumani pamoja na kodi na bunduki, na haiwezi kumfariji Mbena kwa dhati. Historia inawapa nusu ya haki. Misheni ya Berlin iliingia Ubena utawala wa Kijerumani ukisimikwa, na Septemba 1905, katika vita vya Majimaji, wapiganaji wa mtawala wa Kibena, Mtwa Mbeyela, waliishambulia misheni ya Yakobi kwa sababu waliiona kuwa sehemu ya utawala. Vita hivyo na njaa iliyofuata viliua watu wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000 kusini mwa nchi. Lakini nusu ya pili ya historia inasemwa kidogo mno. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuja kusaidia kusimamia, wachache kwa eneo kubwa. Katika miaka hiyo, yenye uporaji wa majeshi na homa ya mafua ya 1918, waliofundisha, waliozika na waliowakusanya watu Jumapili walikuwa walimu na wazee wenyeji. Dini ya kigeni isingebaki baada ya mgeni kuondoka na kumbukumbu ya Yakobi ikiwa bado mbichi. Ilibaki kwa sababu kuna watu walioiona kuwa kazi yao.

Sidai kwamba Wakristo peke yao wanajua haya. Waislamu wa Makambako huzika pamoja na kulisha yatima, na desturi za Kibena za kukaa msibani ni za kale kuliko kanisa lolote. Ninachodai ni kidogo na kinapimika: kwamba Mkristo anayo, ndani ya maandiko yake mwenyewe, ruhusa ya kutokujua, pamoja na amri ya kwenda kumtazama mgonjwa akiwa bado hajui. Akiitumia ruhusa bila amri, anakuwa mtu wa kusema kazi ya Mungu haina makosa na kurudi nyumbani kwake.

Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na huduma za VVU katika nchi nyingi za Afrika, zilizotegemea fedha hizo tangu mpango wa PEPFAR uanze 2003, zikayumba. Safari hii pia watatokea wa kusema ni mapenzi ya Mungu na wa kumtafuta mchawi. Jumuiya na sharika za Njombe na Makambako zina jambo lililo wazi la kufanya. Wiki hii, kabla ya wimbo wa kwanza, kiongozi aulize nani ameshindwa kufika kliniki mwezi huu, nani hana nauli, na nani atakwenda naye. Majina hayo yasiandikwe ubaoni wala kutajwa nje ya chumba. Wimbo uanze baada ya mtu wa kwenda kupatikana.